Usiku si Giza Pekee: Uhakiki wa Vipimo vya Kamera za Wigo Mwingi katika Magari Yanayojiendesha

IKISIRI

Makala hii inahakiki msingi wa kitaaluma unaotumiwa kutetea mifumo midogo ya kamera za wigo mwingi, yaani mifumo inayounganisha mwanga wa kawaida na infraredi katika umbo dogo linaloweza kufungwa kwenye gari linalojiendesha. Kiini cha uhakiki ni mkusanyo wa picha wa KAIST wa mwaka 2015, ambao umekuwa mizani ya tafiti nyingi zilizofuata. Makala inadai kwamba mizani hiyo inapima uwezo wa kumwona mtu ambaye tayari yuko karibu mno, haimhesabu mwendesha baiskeli, na inauchukua usiku kana kwamba ni jambo moja na tofauti ya joto. Kwa sababu hiyo, ushindi wa asilimia chache katika mizani hiyo haubebi uzito wa dai la kuokoa maisha barabarani.

Istilahi za msingi: wigo mwingi, kamera ya joto, infraredi, mtembea kwa miguu, kiwango cha kukosa, gari linalojiendesha

1.0 Utangulizi

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, Marekani, gari la majaribio la kampuni ya Uber, aina ya Volvo XC90, lililokuwa likijiendesha, lilimgonga na kumuua Elaine Herzberg, mwanamke wa miaka 49 aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Video iliyotolewa na polisi baadaye ilionyesha barabara nyeusi na mtu anayechomoza ghafla kutoka gizani. Tangu hapo tukio hilo limekuwa kielelezo chepesi kwa wanaotetea kamera za joto. Hoja huendelea hivi: gari halikumwona mtu kwa sababu ya giza, kamera ya joto haitegemei mwanga, basi kamera ya joto ingemwokoa mtu yule. Hoja inafuatika bila taabu yoyote, na pengine ndiyo sababu wachache huirudia kuikagua.

Ripoti ya Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, iliyopitishwa Novemba 2019, inasimulia jambo tofauti. Gari lile halikutegemea kamera pekee. Lilikuwa na rada, na lilikuwa na lida, chombo kinachopima umbali kwa miale ya leza na ambacho hakihitaji mwanga wa taa wala wa jua. Vyombo hivyo vilimtambua marehemu kuwa kitu kilichopo barabarani sekunde 5.6 kabla ya kugongana. Kilichofuata ni mfumo kubadili jina la kitu hicho mara kadhaa: mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Kila jina lilipobadilika, historia ya mwendo wa kitu ilitupwa na makadirio ya njia yake yakaanza upya. Mfumo haukuwa umebuniwa kumtambua mtu anayevuka mahali pasipo na kivuko kuwa mtembea kwa miguu. Hata ulipofahamu kwamba mgongano unakaribia, ulikuwa umewekewa kizuizi cha sekunde moja kabla ya kuchukua hatua, kwa kuhofia kengele za uongo. Breki ya dharura ya Volvo yenyewe ilikuwa imezimwa wakati gari likijiendesha. Msimamizi aliyekuwa ndani alikuwa akitazama simu yake, na Bodi ilikutaja kutofuatilia kwake barabara kuwa sababu ya msingi ya ajali, huku ikiilaumu pia kampuni kwa udhaifu wa taratibu zake za kutathmini hatari.

Kwa hiyo kitu kilionekana. Kilichoshindikana ni kukipa jina sahihi, kudumu na jina hilo, na kutenda. Mtafiti anayeanza kwa kisa cha Tempe anapaswa kuonyesha kwamba kamera ya wigo mwingi inasaidia katika mambo hayo matatu, wala si katika kuona tu. Makala hii inauliza iwapo vipimo tulivyonavyo vinaweza kuonyesha hivyo.

2.0 Kifaa na mipaka yake

Wazo la kuliwekea gari jicho la joto si geni. Cadillac DeVille ya mwaka 2000 iliuzwa ikiwa na kamera ya infraredi ya mbali iliyomwonyesha dereva picha ya joto mbele yake. Mwaka 2004 Honda Legend iliongeza hatua: kompyuta iliitafuta sura ya mtu ndani ya picha hiyo na kumwonya dereva. Kwa maneno mengine, mwaka ambao wengi hawajasikia habari za gari linalojiendesha, kazi ya kumtambua mtembea kwa miguu kwa joto lake ilikwisha kuingia sokoni. Kilichobadilika ni nani anayesoma picha. Dereva aliyeona doa jeupe la kutatanisha aliweza kupunguza mwendo bila kujua kama ni mtu au mbuzi. Mashine iliyopewa orodha ya majina hulazimika kuchagua jina kwanza.

Fizikia yake inaeleweka vizuri. Ngozi ya mtu, yenye joto la nyuzi 33 hivi za Selsiasi, hutoa miale iliyo na nguvu zaidi karibu na mikromita 9.5, ambayo ni ndani ya kanda ya mikromita 8 hadi 14 inayopenya hewani vizuri. Kihisi cha silikoni cha kamera ya kawaida hufika takribani mikromita 1.1 tu. Kati ya hizo mbili ipo infraredi ya mawimbi mafupi, inayohitaji vihisi vya mchanganyiko wa indiamu, galiamu na aseniki, ambavyo ni ghali. Hakuna kihisi kimoja cha bei ya gari la kawaida kinachozikamata kanda zote. Neno “mfumo mdogo” kwa hiyo halina maana ya kamera moja. Lina maana ya kamera mbili au zaidi zilizobanwa pamoja, na ugumu wote wa kitaalamu umo katika kule kubanwa.

Ugumu wa kwanza ni kioo. Kioo cha mbele cha gari ni kama ukuta kwa infraredi ya mbali. Kamera ya kawaida hukaa ndani, nyuma ya kioo, juu karibu na kile cha kutazamia nyuma, mahali penye kufutwa na vifutio vya mvua. Kamera ya joto haiwezi kukaa hapo; hupelekwa nje, mara nyingi chini kwenye uso wa gari, ikivaa lenzi ya germaniamu au kioo maalumu, na kupokea matope na vumbi. Umbali kati ya macho hayo mawili huzaa tatizo la paralaksi. Tuchukulie kamera mbili zilizotenganishwa kwa sentimita 70, na pikseli yenye upana wa miliradiani 1. Kitu kilicho mita 10 mbele na kingine kilicho mita 40 vitahama kati ya picha mbili kwa tofauti ya pikseli 52 hivi. Hakuna mlinganyo mmoja wa kudumu unaoweza kurekebisha hilo, kwa kuwa kiasi cha kuhama kinategemea umbali ambao bado haujulikani. Zikikaribishwa hadi sentimita 5, tofauti hiyo hushuka hadi pikseli 4. Hii ndiyo faida ya kweli ya udogo: kuwezesha picha mbili kusema habari za mahali pamoja. Kuokoa nafasi ni faida ya pili tu, na inashangaza kuona tasnifu zinazouhesabu udogo kwa gramu na sentimita bila kuugusa ulinganifu wa picha.

Ugumu wa pili huwa hausemwi sana. Kihisi cha joto kisichopozwa, yaani maikrobolomita, hupata joto na kupoa kwa kasi yake yenyewe, kwa kawaida ndani ya takribani milisekunde 10. Gari likikata kona kwa nyuzi 30 kwa sekunde, picha ya joto huburuzika kwa theluthi moja ya nyuzi hivi kabla kihisi hakijatulia, wakati picha ya rangi iliyopigwa kwa muda mfupi imekwisha kusonga. Aidha, kamera nyingi za aina hii hufumba jicho kila baada ya muda ili kusawazisha pikseli zake. Ikiwa kufumba huko kutachukua nusu sekunde, gari lililo katika mwendo wa Tempe, takribani kilomita 69 kwa saa, litakuwa limekwenda mita 9.6 bila picha ya joto. Karatasi ya kiufundi ya kamera hulitaja jambo hili kwa mstari mmoja. Tasnifu inayohusu usalama haina budi kulitaja kwa zaidi ya hapo.

3.0 Mkusanyo wa KAIST

Mwaka 2015 Soonmin Hwang na wenzake wa taasisi ya KAIST, Korea Kusini, walichapisha katika mkutano wa CVPR mkusanyo wa picha jozi 95,328, kila jozi ikiwa na picha ya rangi na picha ya joto. Picha zilipigwa kutoka kwenye gari, mchana na usiku, katika mazingira ya chuo, barabara na katikati ya mji. Ziliwekewa alama 103,128 kwa mkono, zikiwa za watu 1,182 tofauti. Ili kukwepa paralaksi, walitumia kigawa-miale, kifaa kinachoutenga mwanga na joto vinavyotoka upande mmoja ili kila kimoja kiende kwenye kamera yake, kana kwamba kamera mbili zimesimama mahali pamoja. Kwa kuongeza taarifa za joto katika njia ya utambuzi iliyokuwa ikitumika wakati huo, walitangaza kupunguza kiwango cha wastani cha kukosa watu kwa asilimia 15.

Ni haki kusema kwamba kazi hii ilifungua uwanja. Kabla yake, mtafiti wa Asia, Ulaya au Afrika asiye na gari wala kamera ya joto hakuwa na data ya kiwango hicho, yenye jozi zinazolingana na zinazofuatana kwa wakati. Wingi wa tafiti zilizoijenga juu yake ni ushahidi wa ukarimu wa waandishi wake. Uhakiki unaofuata hauhusu waliyoyafanya sana kama unavyohusu matumizi ambayo kazi yao imefanyiwa.

3.1 Umbali unaopimwa

Desturi ya kupima katika mkusanyo huu ni kutumia kile kiitwacho kigezo cha kuridhisha: huhesabiwa watu wenye urefu wa pikseli 55 au zaidi pichani, wasiozibwa sana na vitu vingine. Waandishi wenyewe waliwagawa watu katika makundi matatu kwa umbali: walio karibu, chini ya mita 11, wa wastani, mita 11 hadi 28, na walio mbali, zaidi ya mita 28, wakiwa na urefu wa chini ya pikseli 45. Kwa uwiano huo, mtu wa pikseli 55 yupo umbali wa takribani mita 23. Wote walio mbali zaidi ya hapo hawaingii katika hesabu ambayo karibu kila mtafiti huitangaza kwenye jedwali lake la kwanza.

Tuirudishe namba hiyo Tempe. Kwa kilomita 69 kwa saa, gari hukata mita 19.2 kila sekunde. Mita 23 ni sekunde 1.2. Breki kali ya mita 7 kwa sekunde kwa sekunde huhitaji mita 26 kulisimamisha gari hilo, hata kama uamuzi wa kufunga breki hautachukua muda wowote. Maana yake ni kwamba mfumo unaweza kupata alama kamili katika kigezo cha kuridhisha na bado umgonge kila mtu kwenye barabara ile, ingawa kwa mwendo uliopungua. Rada ya gari lile ilimpata marehemu sekunde 5.6 kabla. Mtafiti anayetaja kisa hicho katika utangulizi na kigezo hicho katika sura ya matokeo ameunganisha mambo mawili yasiyokutana.

Kuna jambo dogo la kuongeza hapa. Kihisi cha joto kilichotumika kilikuwa na pikseli 320 kwa 256, na picha zilizotolewa kwa umma ni za 640 kwa 512. Pikseli 55 za picha iliyotolewa ni kama 27 tu za kihisi chenyewe. Nusu ya urefu wa mtu tunayempima imekadiriwa na kompyuta. Hilo si kosa, lakini anayelinganisha “ubora” wa kamera mbili kwa kuhesabu pikseli za faili anapaswa kulijua.

3.2 Mwendesha baiskeli

Alama za KAIST zina majina manne: mtu, kundi la watu wasioweza kutenganishwa, mwendesha baiskeli, na mtu mwenye alama ya kuuliza, yaani yule ambaye mweka alama hakuwa na hakika naye. Katika programu ya kupimia inayotumiwa na watafiti, jina la kwanza pekee ndilo linalohesabiwa. Matatu yaliyobaki hupuuzwa: mfumo ukiwapata hausifiwi, ukiwakosa haulaumiwi.

Sababu ya kitakwimu ipo, na inaeleweka. Huwezi kuhesabu vichwa katika kundi usilolitenganisha. Lakini tazama matokeo yake. Mtu aliyefariki Tempe alikuwa akitembea kwa miguu na alikuwa na baiskeli. Mfumo wa gari ulishindwa hasa kwa kusitasita kati ya majina. Mizani inayotumika kuthibitisha kwamba kamera ya joto ingemsaidia inamwondoa mwendesha baiskeli kwenye hesabu, na inamwondoa pia kila mtu ambaye mwanadamu aliyeweka alama alisitasita juu yake. Yaani imeondoa visa vya aina ileile iliyosababisha kifo. Mtahini akiuliza mtu anayesukuma baiskeli anawekwa kundi gani, mtahiniwa anapaswa kuwa na jibu kutoka kwenye data yake, wala si kutoka kwenye dhana yake ya jumla kuhusu neno “mtu”.

3.3 Ulinganifu usiolingana

Kigawa-miale kilikusudiwa kuondoa tatizo la picha mbili kutolingana. Miaka minne baadaye, Zhang na wenzake, katika mkutano wa ICCV wa 2019, walirudi kwenye mkusanyo uleule na kuweka alama upya, safari hii wakiitazama picha ya rangi na ya joto kila moja peke yake. Waligundua kwamba zaidi ya nusu ya visanduku vya alama vilikuwa vimehama kati ya picha mbili, mara nyingi kwa pikseli zisizozidi 10. Kabla yao, Liu na wenzake mwaka 2016 walikuwa wamerekebisha alama za picha za majaribio, na Li na wenzake mwaka 2018 wakasafisha zile za mafunzo.

Matokeo yake ni kwamba leo “KAIST” si kitu kimoja. Kuna alama za awali, za majaribio zilizorekebishwa, za mafunzo zilizosafishwa, na za jozi. Jedwali linaloweka mfumo wa 2016 na wa 2020 katika safu moja bila kueleza ni alama zipi zilizotumika kwa kila mmoja haliwezi kutuambia kama mashine imekuwa hodari zaidi au karatasi ya majibu imesahihishwa. Mhakiki huyu anaona kwamba jedwali la namna hiyo linatosha kurudisha sura nzima ya matokeo kwa mwandishi.

Zipo pia sababu za kimwili ambazo kusahihisha alama hakuwezi kuziondoa: mitetemo ya gari, vifungio kulegea, na kule kuburuzika kwa picha ya joto kulikokwisha kuelezwa. Ikiwa maabara yenye kigawa-miale na wataalamu wa daraja la juu ilipata visanduku vilivyohama, mfumo mdogo uliobanwa kwenye uso wa gari la biashara na kupita juu ya matuta kila siku hautabaki ulivyopimwa kiwandani. Wale wanaopendekeza mifumo hiyo wangefanya vyema kuipima baada ya kilomita elfu kadhaa, si baada ya kutoka mezani.

3.4 Kengele za uongo

Kiwango cha wastani cha kukosa hupatikana kwa kupima ni watu wangapi wanakoswa huku idadi ya kengele za uongo ikiruhusiwa kupanda kutoka 0.01 hadi 1 kwa kila picha. Mizani hii ilirithiwa kutoka tafiti za picha za rangi na hutumika bila kuhojiwa. Kamera ya KAIST ilipiga picha 20 kwa sekunde. Upande mkali kabisa wa mizani, kengele moja kwa picha 100, ni kengele moja kila sekunde tano. Upande wa pili ni kengele 20 kila sekunde. Hakuna abiria atakayekubali kupanda gari linalofunga breki kila sekunde tano kwa sababu ya bomba lenye joto, na mwenye gari atalazimika kuweka kizuizi kinachoiambia mashine isubiri kwanza. Kizuizi cha sekunde moja cha Tempe kilizaliwa na hofu hiyohiyo. Mizani inayokubali kengele za uongo kwa wingi huo inaahirisha tatizo hadi sehemu nyingine ya mfumo, sehemu ambayo mtafiti wa kamera hataiandikia sura.

4.0 Usiku wa Korea na usiku wa pwani

Picha za KAIST zimegawanywa kwa mchana na usiku. Mgawanyo huu unafaa kwa kamera ya rangi, ambayo adui yake ni giza. Kamera ya joto haina habari na giza. Adui yake ni usawa: pale mtu na mandhari yake wanapokuwa na joto linalokaribiana, sura yake huyeyuka pichani hata kama jua linawaka. Katika nchi yenye majira ya baridi, mambo haya mawili huenda pamoja. Jua likizama, lami hupoa, mtu hubaki na joto lake, na picha ya joto huwa safi kuliko wakati wowote. Mtafiti huona kwamba kamera ya joto “hufanya vizuri usiku” na kuandika hivyo kana kwamba ni sifa ya usiku.

Dar es Salaam au Mombasa si hivyo. Usiku wa Februari pwani hubaki na joto la juu ya nyuzi 25, na lami iliyopigwa na jua mchana kutwa huendelea kuutoa moto wake saa kadhaa baada ya magharibi. Mchana, lami hiyo huwa na joto kuliko ngozi, na mtu huonekana kama kivuli cheusi juu ya weupe. Kati ya hali hizo mbili lazima kuwe na kipindi ambacho lami inashuka na kupita katika joto la mtu, na kipindi hicho kinaweza kuangukia saa za jioni, watu wanaporudi makwao kwa miguu kandokando ya barabara. Aliyevaa buibui, kanzu au kanga iliyofunika sehemu kubwa ya mwili haonyeshi ngozi bali kitambaa, ambacho joto lake huifuata hewa. Aliyejitwika ndoo ya maji kichwani au anayesukuma mkokoteni ana umbo ambalo mashine iliyofunzwa Korea haikuliona mara nyingi.

Hoja hii si ya kulalamika kwamba Afrika imesahauliwa. Wakorea walipiga picha kwao, kama ilivyo haki yao. Ni hoja ya kimantiki kuhusu kigezo. Kama kinachoamua uwezo wa kamera ya joto ni tofauti ya joto, basi matokeo yapangwe kwa tofauti ya joto, na joto la hewa na la lami lirekodiwe pamoja na kila picha. Kipimajoto cha kufanya hivyo ni rahisi kuliko lenzi ya kamera yenyewe. Tasnifu ya Dar es Salaam au Nairobi ingeweza kutoa mchango hapa bila kumiliki gari linalojiendesha hata moja: kamera moja ya joto, barabara moja, na jioni thelathini.

5.0 Mikusanyo iliyofuata

Mikusanyo mingine haiondoi haja ya maswali haya. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walitoa picha 7,512 zilizopigwa kwa kanda nne, yaani rangi, infraredi ya karibu, ya kati na ya mbali. Huo ndio wigo mwingi kwa maana kamili zaidi ya neno, na ni jambo la kusikitisha kwamba tafiti nyingi zimeupita na kurudi kwenye kanda mbili. Kamera zao zilikuwa tofauti nne zilizowekwa jirani, kwa hiyo swali la udogo na paralaksi liliachwa wazi. Mwaka huohuo mkusanyo wa MFNet ulitoa picha 1,569 zilizogawanywa kwa kila pikseli. Idadi hiyo inatosha kuonyesha njia mpya, haitoshi kuthibitisha usalama.

LLVIP wa 2021, wenye jozi 15,488, unasifiwa kwa ulinganifu wake mzuri. Unastahili sifa hiyo. Lakini kamera zake zilikuwa zimesimama juu, mahali pamoja, zikitazama chini barabarani kama za ulinzi. Ulinganifu huo umepatikana kwa kuliondoa gari. Anayetumia LLVIP kuthibitisha mfumo wa gari ameazima matokeo ya mlinzi aliyekaa na kumpa dereva anayekwenda.

6.0 Muda kati ya picha

Limebaki suala moja, ambalo kwa maoni ya mhakiki huyu ndilo zito kuliko yote na ndilo linaloweza kushughulikiwa haraka. KAIST ni mfululizo wa video, na alama zake zinamfuata mtu yuleyule kutoka picha hadi picha. Hata hivyo, majaribio ya kawaida huchukua picha moja katika kila 20, na hivyo kubaki na picha 2,252, kati yake 1,455 za mchana na 797 za usiku. Kwa kamera ya picha 20 kwa sekunde, hiyo ni picha moja kila sekunde. Sekunde 5.6 za Tempe zingewakilishwa na picha tano au sita zilizotengana, kila moja ikipimwa kana kwamba nyingine hazipo. Mfumo unaomwita mtu “mtu”, kisha “baiskeli”, kisha “mtu” tena ndani ya sekunde moja hauwezi kugunduliwa kwa kipimo cha namna hiyo. Unaweza hata kupata alama nzuri, ikiwa picha iliyochaguliwa ndiyo ile iliyopata jina sahihi.

Video kamili zipo na ziko wazi kwa umma. Mtafiti anaweza kuzipitisha zote katika mfumo wake, pamoja na waendesha baiskeli na wale wenye alama ya kuuliza, na kuhesabu mambo mawili kwa kila mtu: alipatikana kwa mara ya kwanza akiwa umbali gani, na jina lake lilibadilika mara ngapi kuanzia hapo hadi alipotoka pichani. Kisha afanye hivyo kwa picha za rangi peke yake, za joto peke yake, na za pamoja. Ikiwa kuongeza joto kunapunguza kubadilika kwa majina, kisa cha Tempe kitakuwa kimepata nafasi ya haki katika utangulizi wa tasnifu yake. Ikiwa kunaongeza, kwa sababu kanda mbili zinazogombana juu ya visanduku vilivyohama huzaa majina mawili, basi hayo nayo ni matokeo, na yanastahili kuchapishwa kwa herufi kubwa zilezile.